Nusu ya Drogba

Jumapili usiku, Februari 12, 2012, nilikuwa na miaka 13 na nilikuwa nimelipa shilingi 20 kuketi kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda cha video huko Githurai. Binamu yangu mkubwa alikuwa amemdanganya mama eti naenda kulala kwake mapema. Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Ivory Coast dhidi ya Zambia, kule Libreville. Kibanda kizima kilikuwa cha Ivory Coast, na sababu ilikuwa moja tu: hao ndio tuliowaona kila Jumamosi. Drogba na Kalou wa Chelsea. Yaya na Kolo Touré wa Manchester City. Gervinho wa Arsenal. Tioté wa Newcastle. Zambia? Tulijua jezi ni ya kijani, basi.

Dakika ya 70 Ivory Coast wakapata penalti. Drogba akapaisha mpira juu ya mwamba, na mtu fulani nyuma yangu akacheka vibaya, kile kicheko cha mtu ambaye pesa zake zimeenda. Muda wa ziada ukaisha sufuri kwa sufuri. Kwenye matuta wakapiga, wakapiga, wakapiga, mpaka Kolo Touré akadakwa na Gervinho akapaisha. Stoppila Sunzu akafunga. Zambia 8, Ivory Coast 7. Ilikuwa Jumatatu tayari na nilikuwa na shule.

Mzee mmoja wa koti la ngozi, ambaye sote pale tulimwita Fundi, akasimama, akakung'uta suruali. "Hawa wameshiba," akasema. "Mtu akishiba hawezi kukimbia."

Binamu akamjibu, "Lakini Fundi, hawajafungwa hata bao moja tangu waanze."

"Ndiyo. Na kombe liko wapi?"

Tulitembea hadi nyumbani bila kuongea. Hiyo kauli ya Fundi nimeisikia tangu wakati ule mara nyingi kuliko wimbo wa taifa. Imesemwa kuhusu Uingereza ya kina Gerrard na Lampard. Imesemwa kuhusu Ubelgiji ya De Bruyne na Hazard, iliyotolewa kwenye makundi Qatar 2022. Wameshiba. Pesa zimewapanda kichwani. Hawana uchungu na nchi. Ni kauli tamu kwa sababu inampa mtu aliyelipa shilingi 20 nafasi ya kumhukumu tajiri, na mimi sina shida na mtu kumhukumu tajiri. Shida yangu ni kwamba si kweli, na mbaya zaidi, inatuzuia kuona kilichotokea.

Angalia hiyo timu ya 2012. Mechi sita, moja ikiwa ya dakika 120, bila kuruhusu bao. Timu iliyoshiba haikabi hivyo. Kukaba ni kazi ya mtu mwenye njaa, ni kukimbia kumfuata mtu ambaye huenda asipewe mpira kabisa. Kwa hivyo uvivu tuuweke kando.

Sasa sogea miezi mitatu tu mbele. Mei 19 mwaka huo huo, Munich, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Bayern wanaongoza moja bila, dakika zimebaki chache, Chelsea wanapata kona. Mata anapiga, Drogba anapanda, kichwa, bao, dakika ya 88. Mechi inaenda matuta, na tuta la mwisho ni la Drogba. Anafunga. Ni mtu yule yule, mwaka ule ule, mwenye miguu na tumbo vile vile. Kama alikuwa ameshiba Februari, nani alimfungisha saumu hadi Mei?

Lakini kitu cha mechi hiyo ambacho watu husahau ni kilichotokea katikati. Kwenye muda wa ziada Drogba alimwangusha Ribéry ndani ya boksi. Penalti kwa Bayern. Angeweza kuwa ndiye aliyepoteza kombe. Robben akapiga, Petr Čech akadaka. Hivyo tu. Kosa likafutwa na mtu mwingine, na mwenye kosa akabaki hai hadi tuta la mwisho. Usiku ule tulimwita shujaa, na alistahili. Ila shujaa huyo ndani yake mlikuwa na kona ya Mata na mikono ya Čech, na hivyo viwili havikusafiri naye kwenda Gabon.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria, miaka mingi baadaye, kwamba timu ya taifa inapomwita nyota huwa inaita nusu yake. Nusu nyingine inabaki klabuni. Iko kwenye miguu ya beki anayejua kwamba Drogba akigeuza bega la kushoto anataka mpira kifuani. Iko kwa kiungo anayekaa nyuma akilinda ili Yaya Touré apande mbele bila kuangalia kisogo. Iko kwenye mamia ya asubuhi za mazoezi ambapo watu wale wale wanarudia kosa moja mpaka linaisha. Sisi huoni hiyo. Televisheni hufuata mpira, na mpira humfuata nyota, kwa hivyo tunafikiri uwezo wote uko ndani ya mtu mmoja, kama pesa kwenye simu, kwamba akivuka mpaka anavuka nazo. Ukitaka kujua tunavyoamini majina, angalia mkeka wa mtu yeyote Ijumaa jioni.

Waliowafunga Ivory Coast miaka ile walikuja wakiwa wazima. Chukua Misri. Cairo, fainali ya 2006, sufuri kwa sufuri tena, matuta tena, Drogba akadakwa na Essam El-Hadary na Aboutrika akapiga la mwisho. Misri 4, Ivory Coast 2. Miaka miwili baadaye wakakutana nusu fainali, Kumasi, Misri ikashinda 4-1. El-Hadary, Aboutrika, Wael Gomaa: hao walikuwa wa Al Ahly, klabu iliyobeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2005 na 2006. Mtoto wa Githurai asingeweza kukutajia hata mmoja wao. Walikuwa wakila pamoja, wakigombana pamoja, wakijua nani hukasirika akiguswa. Na juu yao kulikuwa na kocha mmoja, Hassan Shehata, ambaye alishinda kombe hilo mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010. Hata Zambia ya 2012 ilikuwa na kina Sunzu na Rainford Kalaba wa TP Mazembe, Lubumbashi. Majina hayakuwa kwenye mabango lakini walikuwa wamezoeana.

Ivory Coast nao? Hesabu makocha. Mwaka 2006 alikuwa Henri Michel. Mwaka 2008, Gérard Gili. Mwaka 2010, Vahid Halilhodžić, aliyefutwa baada ya kutolewa na Algeria robo fainali, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia, na Sven-Göran Eriksson akaletwa kama fundi wa bomba lililopasuka. Mwaka 2012, François Zahoui. Mwaka 2013, Sabri Lamouchi. Makombe matano ya Afrika, makocha watano. Kila mmoja alifika na ubao wake, akafuta ulioandikwa jana, akaanza upya na wachezaji aliokuwa nao kwa wiki mbili tatu kabla ya filimbi. Wachezaji walibaki karibu wale wale, wakizidi kuzeeka, wakijifunza kila mara kuwa timu mpya. Halafu sisi tunasema wameshiba.

Kinachoniuma zaidi kuhusu Ivory Coast ni kwamba hawa watu waliwahi kuwa wazima pamoja. Kabla ya Ulaya kulikuwa na Abidjan. Klabu ya ASEC Mimosas ilikuwa na akademia, na Mfaransa Jean-Marc Guillou aliikusanyia watoto wakacheza peku mpaka mguu uujue mpira. Humo walitoka Kolo na Yaya, Zokora, Kalou, Eboué, Gervinho. Mwaka 1999 ASEC ilicheza na Espérance ya Tunisia kuwania Super Cup ya Afrika, na kikosi chake kilikuwa kimejaa vijana wa akademia hiyo, watoto wasiojulikana na mtu. Wakashinda 3-1 katika muda wa ziada. Baadaye kundi zima likahamia Beveren, klabu ndogo ya Ubelgiji, ambako kuna siku karibu timu nzima uwanjani ilikuwa ya Waivory Coast. Yaya alipita pale. Eboué pia, Gervinho pia, na kipa mmoja anayeitwa Boubacar Barry, ambaye nakuomba umkumbuke.

Yaani walijuana tangu hawana viatu. Walikuwa na lugha yao ya mpira. Kisha wakawa nyota, na kuwa nyota maana yake ilikuwa kutawanyika: huyu London, huyu Barcelona, yule Uturuki, kila mmoja akifundishwa lugha nyingine na watu kumi wengine. Kila walipopanda bei walizidi kusahauliana. Walipokuwa hawana jina walimfunga bingwa. Walipopata majina yote, timu zisizo na majina zikawatoa. Mwaka 2013 aliyewatoa robo fainali ni Sunday Mba wa Nigeria, kijana aliyekuwa akicheza ligi ya nyumbani.

Na kuna mzigo ambao hakuna klabu humpa mtu. Oktoba 2005, baada ya kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, Sudan, wakawaomba watu wao waweke silaha chini. Nchi ilikuwa imegawanyika, waasi kaskazini, serikali kusini. Mwaka 2007 mechi ya kufuzu dhidi ya Madagascar ilipelekwa Bouaké, ngome ya waasi, na timu ikashinda 5-0. Ni mojawapo ya mambo makubwa kabisa ambayo timu ya mpira imewahi kufanya barani hili. Lakini fikiria sasa unasimama mbele ya tuta ukiwa mtu huyo. Chelsea haikuwahi kumwomba Drogba asimamishe vita. Alipokosa kwa Chelsea walipoteza mechi. Alipokosa kwa Ivory Coast, sijui hata ni nini alifikiri kimepotea. Mtu anayebeba kitu kama hicho hajashiba. Amelemewa.

Wacha niseme kwa nini jambo hili linanigusa hivi, maana mimi si mchambuzi wa mpira. Shuleni niliitwa kichwa. Shule ya upili ya kaunti, mabweni yanavuja, na mimi ndiye nilikuwa nikisomwa jina wa kwanza kila muhula. Mtihani wa kitaifa ukaja, nikapata alama nzuri, kijijini wakachinja mbuzi, nikaenda chuo kikuu Nairobi. Mwaka wa tatu niliacha. Watu wa nyumbani wana maelezo yao: Nairobi ilimharibu, alianza kujiona. Kwa kifupi, alishiba.

Ambacho hakuna aliyekijua, nami mwenyewe sikukijua mpaka kimeshaniacha, ni kwamba kulikuwa na kijana aliyelala kitanda cha chini yangu. Alikuwa wa ishirini na kitu darasani. Yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha saa kumi alfajiri kwa kunivuta mguu, kila siku, miaka minne. Alikuwa akiniuliza maswali ya kemia ambayo hayaelewi, na kwa kumweleza ndipo nilikuwa nayaelewa mimi. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyekuwa akisahihisha daftari langu usiku na kuliacha chini ya mlango. Hao walikuwa nusu yangu. Chuo kiliniita peke yangu. Huko nikawekwa kwenye kundi la kazi la watu sita, wote vichwa vya kaunti sita, na nakumbuka siku ya kuwasilisha tulikuwa na mawazo sita mazuri sana na hakuna aliyekuwa amechapa kitu. Kila mmoja alikuwa amezoea kuwa yule anayepokea pasi ya mwisho.

Sisemi hilo ndilo lililonitoa chuoni. Kulikuwa na karo, kulikuwa na ujinga wangu. Lakini nikisikia "wameshiba" huwa nageuka kama mtu aliyeitwa jina.

Mwaka 2014 Drogba alistaafu timu ya taifa, baada ya Ugiriki kuwatoa Kombe la Dunia kwa penalti ya Samaras dakika za majeruhi. Hervé Renard, yule yule aliyewafunga akiwa na Zambia, akapewa timu. Na Januari 2015, bila Drogba, wakaanza vibaya, sare na Guinea, sare na Mali. Renard alipanga mabeki watatu wa kati, mmoja akiwa Eric Bailly, kijana ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia timu ya taifa. Katikati akamweka Serey Dié, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kugonga na kugongwa. Kulikuwa bado na Yaya, kulikuwa na Gervinho, lakini sasa kulikuwa na watu waliokuja kufanya kazi ya wengine. Fainali, Bata, dhidi ya Ghana. Sufuri kwa sufuri. Matuta, kwa mara ya tatu.

Bony akakosa. Tallo akakosa. Matuta mawili ya kwanza, yote nje. Kibanda cha Githurai wakati huo kilikuwa kimegeuka duka la simu, nilitazama kwa jirani, na nikajisemea basi, imekwisha. Haikwisha. Ghana nao wakakosa, wengine wakaendelea kufunga, mpaka wachezaji kumi wa kila upande walikuwa wamepiga na wakabaki makipa. Kipa wa Ivory Coast alikuwa Boubacar Barry, miaka 35, wa Lokeren ya Ubelgiji. Hakuwa hata kipa wa kwanza. Alikuwa langoni kwa sababu Gbohouo aliumia. Akadaka tuta la kipa mwenzake Razak Braimah, kisha akachukua mpira, akauweka, akafunga. 9-8.

Yule wa Beveren. Alikuwa langoni Libreville pia, mwaka 2012, akimaliza mashindano bila kufungwa, na nani alimtaja?

Najua mtu atasema nimejichagulia ushahidi. Matuta ni bahati, na kama Drogba angefunga lile la dakika ya 70 nisingekuwa na makala. Kweli. Na kuna jambo linaloniharibia nadharia kabisa: Januari 2024 Ivory Coast wakiwa wenyeji walipigwa 4-0 na Equatorial Guinea mbele ya watu wao Abidjan, kocha Jean-Louis Gasset akaondoka mashindano yakiendelea, wakapenya hatua ya mtoano kwa huruma ya Morocco kuifunga Zambia. Akapewa timu Emerse Faé, msaidizi, aliyekuwa kwenye kikosi cha Kombe la Dunia 2006. Wakabeba kombe. Kubadilisha kocha katikati ya mashindano, kitu ambacho nimekuwa nikikilaani aya kadhaa juu! Sina jibu zuri. Nahisi tu kwamba baada ya nne bila hakukuwa tena na nyota mle ndani. Kulikuwa na watu ishirini na kitu walioaibika kwa kiasi sawa, na hakuna aliyetarajiwa kuokoa chochote. Dhidi ya Mali walicheza pungufu mtu mmoja tangu kipindi cha kwanza, wakashinda 2-1. Labda aibu nayo hufanya kazi ya miaka ya mazoezi, mara moja moja. Labda ni bahati.

Agosti 2025 nilitazama Harambee Stars kwenye CHAN, mashindano ambayo kanuni yake ni kwamba unaleta wachezaji wa ligi yako ya ndani pekee. Hakuna Olunga, hakuna wa ng'ambo. Walimfunga DR Congo, wakamfunga Morocco 1-0 wakiwa wamebaki kumi uwanjani, wakamaliza wa kwanza kwenye kundi ambalo magazeti yalikuwa yamelipigia maombi. Kisha robo fainali, Kasarani, Madagascar. Moja kwa moja. Matuta. Tukatoka 4-3.

Nilikuwa mkahawani Roysambu, karibu kabisa na uwanja, sauti ya uwanja ikifika kabla ya picha ya televisheni, kwa hivyo tulijua tumepoteza kabla hatujaona. Watu wakaanza kulipa chai. Jamaa mmoja wa makamo, kofia ya timu kichwani, akatikisa kichwa.

"Hawa wamejaribu lakini ni wa hapa tu," akasema. "Tungekuwa na wale wa ng'ambo, tungeshinda."

Nikafungua mdomo kumwambia kuhusu Libreville. Mhudumu akaja kuchukua kikombe, jamaa akasimama, akavaa koti, na alikuwa ameshatoka kwenda kushika matatu.